Mwajiri Akitaka Kuingia Kwenye Akaunti Zako: Namna ya Kumjibu

Mwajiri akitaka kuingia kwenye akaunti zako za mitandao ya kijamii, kabla ya kujibu lolote tambua kwanza unaombwa nini hasa, kwa maana ombi hili huja kwa sura nyingi. Yupo mwajiri anayetaka nywila yenyewe. Yupo anayekutaka ufungue akaunti mbele yake huku akisoma begani kwako. Yupo ofisa rasilimali watu anayekutumia ombi la urafiki siku chache kabla ya usaili. Na yupo anayekuagiza ubadilishe mipangilio ili machapisho yako yote yaonekane na kila mtu. Hayo manne ni tofauti na mwajiri anayeandika jina lako mtandaoni na kusoma yale uliyoyaweka hadharani mwenyewe. Huyo wa mwisho kwa kawaida hana kosa, hata kama alichokiona hukupenda akione.

Kwa sababu hiyo, maandalizi huanza kabla ya kutuma barua ya maombi. Toka kwenye akaunti zako, kisha jitafute kama mgeni angekutafuta: tazama picha ulizotajwa na wengine, maoni ya miaka ya nyuma, na orodha ya marafiki ikiwa inaonekana. Facebook ina mpangilio unaoyafanya machapisho yote ya zamani yaonekane na marafiki pekee kwa mara moja, nao ni bora kuliko kukesha ukifuta moja baada ya jingine. Fanya usafi huo mapema, kwa kuwa akaunti inayofungwa siku ileile ya usaili huzua maswali ambayo hayakuwapo.

Mjadala huu ulipata nguvu Marekani. Mwaka 2009 mji wa Bozeman, jimboni Montana, ulikuwa ukiwataka waombaji wa kazi za mji waorodheshe kurasa zao za mitandao pamoja na nywila, ukaacha utaratibu huo mwezi Juni baada ya wananchi kuupigia kelele. Mwaka uliofuata Robert Collins, ofisa wa idara ya magereza ya Maryland aliyekuwa akihojiwa ili arudi kazini baada ya likizo, aliombwa nywila ya Facebook kwa maelezo kwamba idara inachunguza uhusiano wa watumishi na magenge. Aliitoa, na msaili akaingia papo hapo akaanza kupitia ukurasa wake, yeye akiwa ameketi palepale. Waliosomwa siku ile hawakuwa Collins peke yake, bali pia ndugu na marafiki waliomwandikia, ambao hakuna aliyewauliza. Shirika la kutetea haki za kiraia la ACLU lililichukua shauri lake, na mwaka 2012 Maryland ikawa jimbo la kwanza kuupiga marufuku mtindo huo. Illinois na California zilifuata mwaka huohuo, New York ikaanza kutumia sheria yake Machi 2024, na leo majimbo yenye sheria za namna hii ni zaidi ya 20. Bunge la taifa lilipelekewa miswada, lakini haikupita; kwa hiyo anayetafuta kazi Marekani hana budi kusoma sheria ya jimbo analofanyia kazi, wala asitegemee alichosimuliwa na ndugu yake aliye jimbo jingine. Sheria ya California inakataza hata kumtaka mwombaji afungue akaunti mbele ya mwajiri. Ile ya Washington inataja pia kulazimishwa kumpokea mwajiri kama rafiki, na mwombaji akishinda kesi hulipwa adhabu ya dola 500 pamoja na hasara aliyoipata na gharama za wakili, ingawa dola 500, kusema kweli, hazimnyimi usingizi mwajiri mkubwa.

Ukiombwa ana kwa ana, usianze na vifungu vya sheria, kwani wasaili wengi wamepewa tu orodha ya maswali na hawajui kama mojawapo lina utata. Waweza kusema hivi: “Samahani, nywila zangu simpi mtu yeyote, na masharti ya Facebook yenyewe yananizuia kumpa mwingine. Humo mna mazungumzo ya watu wengine ambao hawakuomba kazi hapa. Kama kuna jambo mahsusi mngependa kulithibitisha kunihusu, niulizeni, au niwapeni wadhamini mzungumze nao.” Kisha nyamaza umwache ajibu. Akisisitiza, uliza kwa adabu kama hilo ni sharti la kazi, na uombe uandikiwe kwa barua pepe. Mara nyingi ombi hufifia hapo, kwa kuwa hakuna anayependa kuweka saini yake chini ya ombi kama hilo. Akikuambia kuwa ni hiari, kataa vilevile, kwani hiari inayotolewa na mtu anayeshikilia ajira yako ni hiari ya jina tu. Usidanganye kwamba huna akaunti, maana uongo kwenye maombi waweza kukufukuzisha kazi baadaye.

Yapo mambo ambayo huwezi kuyakataa kwa hoja hizi. Akaunti ya ofisi ni mali ya ofisi, na baadhi ya majimbo yanaziacha nje taasisi kama polisi na magereza, au yanaruhusu uchunguzi wa tuhuma maalumu. Usichanganye pia suala hili na viza: fomu ya viza ya Marekani tangu 2019 huuliza majina ya akaunti ulizotumia kwa miaka mitano, na mwaka 2025 waombaji wa viza za masomo walitakiwa kuziweka wazi, lakini hiyo ni serikali, nayo haiombi nywila.

Ikiwa umekwisha kuitoa, badilisha nywila siku hiyohiyo, pamoja na kila mahali ulipoitumia, ondoa kwenye akaunti vifaa vyote vilivyoingia, washa uthibitishaji wa hatua mbili (unaodai msimbo wa ziada juu ya nywila), na hakikisha barua pepe na namba ya simu zilizounganishwa bado ni zako.

Aliyeko Kenya ana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayotaka taarifa zinazokusanywa ziwe zile tu zinazohitajika kwa kusudi lililotajwa na ridhaa itolewe kwa uhuru. Malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Data. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na mlalamikaji huenda kwa Tume inayoisimamia. Hata hivyo, kwetu huku hatari kubwa zaidi naiona kwa wakala asiyejulikana ofisi yake, anayeahidi kazi Dubai au Muscat na kuomba nywila, au zile tarakimu sita za kuthibitisha namba ya WhatsApp, “ili kukusajili.” Hizo tarakimu ndizo ufunguo wa akaunti yenyewe, na hakuna usajili wa kazi unaozihitaji. Piga picha ya ujumbe wake ikionyesha namba na tarehe, mfungie, kisha peleka picha hiyo polisi kabla hajamfikia jirani yako.