Somo: Yakisoba pan, mkate wa Kijapani uliojazwa tambi

Haya wapishi wenzangu, leo tunajaza tambi ndani ya mkate. Msicheke kwanza. Kule Japani yakisoba pan inauzwa kwenye maduka ya mikate, kwenye vile viduka visivyofungwa usiku wala mchana, na kwenye viduka vya shule, ambako kengele ya mchana ikilia wanafunzi hutoka mbio kabla mikate haijaisha. Inasimuliwa kwamba ilianzia duka la Nozawaya, Minamisenju, Tokyo, miaka ya 1950. Walikuwa wakiuza mkate mbali na tambi za kukaanga mbali, mteja mmoja akaomba awekewe vyote pamoja. Mkate wenyewe huitwa koppepan: mrefu, laini, una utamu kwa mbali. Watoto wa Kijapani waliuzoea kwenye chakula cha shuleni baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Kazi yote hapa iko kwenye ukavu wa tambi. Sosi inyweke, isibaki inaelea kwenye kikaango. Ukijaza tambi zenye majimaji, mkate unalowa chini na kumeguka mkononi kabla hujafika katikati.

Mkate (unatoa 6)
Unga wa ngano gramu 300, sukari gramu 25, hamira na chumvi kijiko cha chai 1 kila kimoja, maziwa ya uvuguvugu mililita 150, maji mililita 40, siagi gramu 25.

Tambi
Tambi za Kichina zilizokwisha kuchemshwa gramu 300, robo ya kabichi ndogo, karoti 1, nyama au kuku kidogo aliyekatwa vipande vyembamba.

Sosi
Sosi ya Worcestershire vijiko vikubwa 3, sosi ya soya, sosi ya chaza na tomato sosi kijiko kikubwa 1 kila moja, sukari kijiko cha chai 1. Koroga uweke pembeni.

Hatua ya 1. Changanya vya mkate vyote isipokuwa siagi, kanda hadi donge lishikane, kisha tia siagi uendelee kukanda mpaka liwe laini na liache kunata. Funika, liumuke saa 1 hivi.

Hatua ya 2. Gawa madonge 6. Kila moja lisukume liwe bapa, likunje kama mkeka, libane mshono, ulivingirishe lifike sentimita 15. Panga kwenye trei iliyopakwa siagi, mshono chini. Yaumuke tena dakika 35 hadi 40, uoke nyuzi 180 kwa dakika 13 hadi 15. Yakitoka, yapake siagi juu yangali moto na uyafunike kwa kitambaa. Hatutaki ganda gumu hapa.

Hatua ya 3. Chukua mkasi ukate tambi, urefu usizidi kidole. Wengi wanairuka hatua hii, halafu wanang'ata mara moja na tambi zote zinafuatana kutoka, mkate unabaki mtupu.

Hatua ya 4. Moto mkali. Kaanga nyama, tia karoti na kabichi, geuza dakika 1 tu, toa. Rudisha kikaango motoni na mafuta kidogo, tandaza tambi, usiziguse mpaka zianze kupata rangi upande wa chini. Sasa geuza, rudisha mboga, mimina sosi ukingoni mwa kikaango. Itachemka kwa kelele na kutoa harufu ya kuungua kidogo. Hiyo ndiyo ladha tunayoitafuta. Geuza hadi kikaango kiwe kikavu kabisa. Acha zipoe.

Hatua ya 5. Pasua mkate kwa juu, usifike chini. Paka siagi nyembamba ndani ili kuzuia sosi isipenye, kisha jaza tambi hadi zipande juu. Mstari wa mayonezi, tangawizi nyekundu ya siki, na unga wa aonori (mwani wa kijani uliokaushwa). Tayari.

Maswali ya wanachama

*Dada, wanga juu ya wanga, kweli?*
Mbona urojo una viazi, bhajia na chipsi za muhogo kwenye bakuli moja na hakuna anayelalamika? Mkate una utamu, tambi zina chumvi na uchachu. Tangawizi ndiyo inayokata mafuta, kwa hiyo usiiache.

*Hiyo tangawizi nyekundu naipata wapi?*
Tengeneza. Kata tangawizi changa njiti nyembamba, itie chumvi nusu saa, ikamue, iloweke kwenye siki na kipande cha bitiruti. Kesho yake inafaa. Wajapani huiloweka kwenye maji chachu ya matunda ya ume, plamu za Kijapani.

*Aonori si mwani? Nipo Paje, mwani umejaa. Niukaushe niusage?*
Hapana, shoga. Mwani unaolimwa Zanzibar ni wa kutengenezea karajini, kitu cha kugandishia vyakula, ukichemka unageuka jeli. Aonori ni mwani wa kijani, mwembamba, wenye harufu yake. Ukikosa, katakata karatasi za nori za sushi, au acha kabisa.

*Spageti zinafaa? Na Indomie je?*
Spageti nyembamba zinafaa ukizichemsha na soda ya kuokea, kijiko kikubwa 1 kwa lita ya maji. Itie polepole, maji yanafura ghafla. Suuza vizuri. Indomie nayo sawa: punguza dakika 1 ya kuchemsha, na kile kipakiti cha viungo usikitie.

*Sina oveni.*
Sufuria nzito yenye mfuniko, makaa machache chini, mengi juu. Anza kuchungulia dakika ya 12. Ukichoka, nunua boflo laini, lakini lisiwe lenye ganda kavu.

*Asalaam aleikum. Nasoma Japani, hii ya madukani ni halali?*
Waaleikum salaam kaka. Mara nyingi huwa na nguruwe, hata kama vipande huvioni. Soma lebo utafute nyama ya nguruwe 豚肉, na mafuta ya nguruwe 豚脂 au ラード. Ukiwa na shaka, pika mwenyewe.

*Nataka kuuza shuleni. Nijaze usiku?*
Usiku oka mikate na ukate mboga. Tambi kaanga alfajiri, zipoe kabisa ndipo ujaze, kwa sababu ukifunga zikiwa na joto mvuke unalowesha mkate. Mayonezi peleka kwenye chupa, uweke pale pale mteja anaponunua. Ya jana usimuuzie mtoto.