Renice haijasaidia? Jinsi ya kuipunguzia kazi nzito zamu ya prosesa kwenye Linux

Seva inabana nakala rudufu, hifadhidata inakwama, unaandika renice (amri ya kubadilisha nice, yaani kipaumbele cha kazi inayoendelea) na hakuna kinachobadilika. Kabla ya kuilaumu amri, angalia keneli, kiini cha Linux, inamgawia nani zamu.

Linux haiigawii zamu programu nzima, bali uzi (thread, mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu) mmoja mmoja, na kila prosesa ina foleni yake ya nyuzi zilizo tayari kukimbia. Toleo la 6.6 la mwaka 2023 liliweka mpangaji zamu EEVDF mahali pa CFS iliyokuwapo tangu 2007, lakini ngazi za nice ni zilezile: -20 hadi 19, na namba ikipanda mgawo unashuka. Nice 0 ina uzito wa 1024, nice 10 ina 110. Nyuzi mbili kama hizo zikigombania prosesa moja, wa kwanza hupata takriban asilimia 90 ya muda. Zikikaa kwenye prosesa tofauti, nice haina la kufanya. Kwa hiyo anza hapa:

ps -eLo pid,tid,psr,ni,comm

Safu ya psr ndiyo namba ya prosesa.

Sasa kosa linalowanasa wengi. renice -n 10 -p 4120 (4120 ni mfano wa PID, namba ya programu) hugusa uzi mkuu tu. Programu ikiwa na nyuzi nane zinazobana faili, zote hizo hubaki na nice 0. Zipitie zote:

renice -n 10 -p $(ls /proc/4120/task)

Bora zaidi, ianzishe kazi yenyewe kwa nice -n 10. Nyuzi zitakazozaliwa zitairithi.

Vikundi vya programu (cgroups) navyo huzuia. Huduma za systemd, programu inayoanzisha na kusimamia huduma kwenye Linux, zikishapewa uzito wa prosesa, keneli hugawa kwanza baina ya huduma, na nice huhesabiwa ndani ya huduma moja tu. Hapo punguza uzito wa huduma yenyewe, ambao kwa kawaida ni 100 (hapa huduma ya mfano ni akiba.service):

systemctl set-property akiba.service CPUWeight=20

Bado nzito? Soma /proc/PID/task/TID/status (TID ni namba ya uzi) ya uzi wa hifadhidata mara mbili, sekunde chache zikipita katikati. nonvoluntary_ctxt_switches ikipanda haraka, uzi unanyang'anywa prosesa ungali unaihitaji, kwa hiyo endelea kurekebisha mgawo. Ikipanda voluntary_ctxt_switches peke yake, uzi unalala wenyewe ukingoja diski, mtandao au kufuli, na hakuna nice itakayouamsha mapema.