Namna ya Kujua Kama Pua Iliyoziba Ndiyo Inayokunyima Harufu

Utando unaotambua harufu uko juu kabisa ndani ya pua, usawa wa macho. Mtu anapopumua kwa utulivu, hewa nyingi hupita chini kuelekea kooni, na takriban asilimia 10 hadi 15 tu ndiyo hufika huko juu. Kwa hiyo uvimbe mdogo wa mafua au aleji ukikaa kwenye upenyo huo mwembamba, harufu hutoweka hata kama mwenyewe anajiona anapumua vizuri.

Ili kupima, ponda karafuu chache, weka kando kahawa iliyokaangwa, kisha fumba macho na uzibe tundu moja la pua kwa kidole bila kulisukuma upande, huku mtu wa nyumbani akikusogezea kimojawapo pasipo kukitaja. Rudia upande wa pili, na urudie tena baada ya saa kadhaa, kwa kuwa matundu ya pua hupokezana kuvimba na kunywea hata kwa mtu mzima wa afya. Usitumie mentoli wala amonia: ukali wake huhisiwa na neva nyingine, ile inayopeleka hisia za mguso na maumivu ya uso, hivyo hata asiyenusa kabisa huzitambua. (Ndiyo maana dawa ya kuchua humfanya mtu aamini pua imezibuka, ilhali uvimbe uko palepale.)

Kipimo cha pili ninakithamini zaidi. Bana pua, weka mdalasini wa unga kidogo ulimini, kisha achia pua huku ukitoa pumzi. Harufu ikikujia kwa nyuma, kupitia kooni, ilhali ukinusa kwa mbele huipati, kizuizi kinaelekea kuwa mbele ya pua na neva zingali zinafanya kazi.

Hatimaye osha pua kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, mililita 250 kwa chumvi isiyofika nusu kijiko cha chai, kisha unuse tena baada ya nusu saa. Harufu ikirejea, hata kwa muda mfupi, njia ndiyo iliyoziba. Matone ya kuzibua pua yasipite siku 5, kwani yakizidi huleta uvimbe yenyewe.

Muone daktari wa masikio, pua na koo mapema ikiwa upande mmoja tu umeziba kwa wiki kadhaa au unatoa damu, au ikiwa harufu ilipotea baada ya kugonga kichwa. Vivyo hivyo ikiwa pua i wazi na bado hunusi, kama ilivyowapata wengi walipougua UVIKO-19.