Bima ya mzee: uliza umri kabla ya bei

Bunge la Uganda lilipitisha muswada wa bima ya afya ya taifa Machi 2021, lakini Rais hakuutia saini, kwa hiyo usimsubirishe mama yako mzee kuingoja. Ukienda kwa kampuni binafsi, uliza umri wa mwisho wa kujiunga na umri wa mwisho wa kuhuisha bima, yaani kuiendeleza muda wake ukiisha. Ni vitu viwili. Kisha presha na kisukari: matibabu yake yanalipiwa tangu mwanzo, au baada ya miezi kadhaa? Majibu yawe kwa maandishi, maana maneno ya wakala hayalipi bili ya wodi. Walio karibu na Kisiizi, Rukungiri, wana mpango wa bima wa Hospitali ya Kisiizi tangu 1996. Hujiunga kupitia engozi, vile vikundi vya kubeba wagonjwa kwa machela.