Namna ya Kuifikiria Kesho Yako kwa Manufaa ya Moyo

Mtu aliyezongwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, halemewi na hofu ya mabaya yajayo peke yake; mara nyingi hushindwa pia kuliona jambo jema lililo mbele yake, na hata akilitaja hulitaja kwa ujumla, pasipo mahali, siku wala sura ya mtu. Zoezi lifuatalo linakusudia kuipa kesho sura hiyo.

Tenga dakika 20 kwa siku 4 mfululizo, ukae na daftari mahali usiposumbuliwa, simu ikiwa imezimwa. Utaratibu huu aliutumia mwanasaikolojia Laura King wa Marekani katika utafiti aliouchapisha mwaka 2001, ambapo wanafunzi walioandika kuhusu maisha yao ya baadaye, wakichukulia kwamba wamejitahidi na malengo yao yametimia, walionekana majuma machache baadaye kujisikia vizuri zaidi kuliko walioandika mambo ya kawaida.

Usiandike "nitakuwa na maisha mazuri", kwa kuwa sentensi hiyo haina kitu cha kushika. Fundi cherehani anayetamani duka lake na aandike kwamba ni Jumamosi asubuhi, anafungua kufuli, vyerehani vitatu vimefunikwa, vitenge vimepangwa rafuni, na mteja wa kwanza amekuja kujaribu gauni la harusi ya dada yake ambalo linahitaji kupunguzwa kiunoni. Aandike anavyojisikia wakati huo, na zaidi ya yote aandike ni nani aliye naye, maana wengi wetu hujaza kesho kwa nyumba na magari tukawasahau watu.

Usiishie kwenye utamu huo. Mwaka 1991 wanasaikolojia Gabriele Oettingen na Thomas Wadden walichapisha utafiti kuhusu wanawake waliokuwa wakijaribu kupunguza uzito: walioamini kwamba wangefanikiwa walipungua zaidi, lakini waliojifurahisha kwa njozi nzuri za mafanikio walipungua kidogo kuliko wenzao. Kwa hiyo, ukishamaliza taswira yako, jiulize ni jambo gani ndani yako linalokuzuia, ulitaje bila kujionea haya, kisha uliwekee mpango wenye wakati maalumu. Fundi wetu, ambaye fedha humwishia kabla ya jioni, anaweza kuandika: "Mteja akinilipa, kabla sijatoka kibandani nitatia kwenye kibubu sehemu ya fedha hizo kwa ajili ya duka."

Taswira ikigeuka kuwa wasiwasi unaojirudia, acha kuandika, inuka utembee, na siku inayofuata chagua wakati ulio karibu zaidi, hata kama ni Ijumaa ijayo tu. Zoezi hili halichukui nafasi ya matibabu. Ukipita majuma mawili ukiwa na huzuni karibu kila siku, nenda kituo cha afya. Na ukijiwa na mawazo ya kujiua, mwambie leo hii mtu unayemwamini ili akusindikize hospitali.