Somo: Kuandaa mada na bango la kongamano la kiufundi

Ikisiri yako imekubaliwa, hongera. Usikimbilie kufungua programu ya slaidi. Wengi huchukua makala yao, wakanyofoa aya na majedwali, wakabandika, halafu wanashangaa ukumbi mzima umeinamia simu.

Hatua ya 1: Andika sentensi moja

"Tathmini ya mbinu za kubana data kwenye mitandao ya vihisi" ni jina la faili tu. "Ukibana data ndani ya kihisi kabla ya kuituma, betri hudumu zaidi na usahihi haupungui" ni dai, na mtu anaweza kulipinga. Tafuta dai lako. Kisichosaidia kulithibitisha kinatoka, hata kama ulikikeshea.

Hatua ya 2: Chora upya grafu kuu

Hapa usione uchungu kutumia siku nzima. Grafu ya makala kwa kawaida ina mistari sita ya rangi sita, ufunguo (kisanduku kinachoeleza kila rangi ni ya nini) umejibana pembeni, na namba ndogo kama sisimizi. Msomaji wa makala anaweza kuikodolea macho; aliyekaa safu ya nyuma hawezi. Bakiza mistari miwili au mitatu. Ya wenzako ipake kijivu, wako uwe mnene na wa rangi iliyokolea. Futa ufunguo, andika jina la kila mstari kwenye ncha yake.

Usitofautishe vitu kwa nyekundu na kijani peke yake. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya, takriban mwanamume 1 kati ya 12 hutatizika kuona rangi, hasa hizo mbili. Kwa ramani za joto (heatmap, yaani michoro inayoonyesha ukubwa wa thamani kwa rangi), achana na rangi za upinde wa mvua, kwa kuwa huonyesha mipaka ambayo haimo kwenye data. Matplotlib yenyewe, maktaba ya Python ya kuchora grafu, iliacha kuzitumia kama chaguo-msingi katika toleo la 2.0, mwaka 2017, ikaweka viridis, mfululizo wa rangi kutoka zambarau hadi njano.

Ukifika kwenye grafu mbele ya watu, taja mihimili kwanza: "Chini ni muda, wima ni nishati, na mstari ulio chini zaidi ndio bora." Ndipo useme matokeo.

Hatua ya 3: Panga mada

Ukipewa dakika 15, mara nyingi 12 ni za kusema na 3 za maswali. Slaidi 10 hadi 12 zinatosha. Kichwa cha slaidi kiwe sentensi yenye habari. "Matokeo" hakisemi kitu. Slaidi ya "mpangilio wa mada" sioni kazi yake katika mada fupi. Toa jibu mapema, kisha lithibitishe.

Hatua ya 4: Tengeneza bango

Soma kwanza maelekezo ya waandaaji: ukubwa gani, wima au mlalo? A0 ni milimita 841 kwa 1189. Weka kipimo hicho tangu mwanzo, na michoro iwe ya vekta (inayohifadhiwa kama mistari na maumbo, si vitone vya picha) isije ikavunjikavunjika ikichapwa.

Mwaka 2019 Mike Morrison, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu wa saikolojia, alieneza mtindo wa kuweka tokeo kuu katikati kwa maandishi makubwa. Wazo zuri, ila wahandisi hutaka ushahidi papo hapo; mimi huweka sentensi juu na grafu kuu chini yake.

Kabla ya kulipia uchapaji, chapa nakala ya A4. Urefu na upana wake ni robo ya A0, kwa hiyo herufi za pointi 24 zinakuwa za pointi 6. Ishike kwa mkono ulionyooka. Usichoweza kusoma, kikuze au kifute.

Hatua ya 5: Fanya mazoezi kwa sauti, saa ikiwa mezani

Muda ukizidi, punguza slaidi, usiongeze kasi. Beba nakala ya PDF yenye fonti zilizopachikwa ndani.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nikiulizwa nisichokijua?*
Lirudie swali kwa maneno yako, useme hukulipima, kisha utaje ungelipimaje. Usibuni jibu, aliyeuliza huenda anajua.

*Milinganyo je? Kazi yangu ni hesabu tupu.*
Weka mmoja, ule unaobeba wazo, na ueleze kila alama. Uthibitisho mzima uache kwenye slaidi za akiba baada ya ile ya mwisho.

*Msimbo wa QR uwe mkubwa kiasi gani?*
Kadirio la kawaida ni sehemu moja ya kumi ya umbali wa kuuskani: mtu akisimama mita 1, upana uwe sentimita 10. Ujaribu kwa simu kabla ya kuchapa.

*Nikisimama kwenye bango watu wanapita tu. Niwaite?*
Simama ubavuni, usizibe grafu, na usiiname kwenye simu. Mtu akisita, muulize, "Wewe unashughulika na vihisi pia?" Akisema ndiyo, ingia moja kwa moja kwenye mbinu. Akisema hapana, anza na tatizo lenyewe, na usizidishe dakika mbili kabla ya kumwachia nafasi ya kuuliza.