Somo: Kununua Saa Mpya ya Thamani na Kuupima Mkanda Wake wa Chuma

Wanunuzi wengi wa saa za thamani huichunguza mashine na uso wa saa kwa makini, kisha humwachia muuzaji mkanda aupunguze harakaharaka, ilhali mkanda ndio unaogusa ngozi kutwa nzima. Usiondoke dukani kabla haujakukaa sawasawa.

Hatua ya kwanza: linganisha namba iliyochorwa kwenye saa na ile ya kadi ya waranti, na uhakikishe kwamba tarehe ya mauzo imeandikwa. Kwa saa mpya za Rolex, waranti ya miaka 5 huhesabiwa tangu tarehe hiyo.

Hatua ya pili: ivae kabla ya pingili yoyote, yaani kipande cha mkanda, kutolewa. Zile ncha zinazoshika mkanda zikichomoza nje ya upana wa mkono wako, chagua saa ndogo zaidi, kwani hakuna fundi atakayeliondoa tatizo hilo kwa kupunguza mkanda.

Hatua ya tatu ndiyo inayohitaji subira. Mkono huvimba kidogo wakati wa joto na baada ya kazi, kwa hiyo kipimo cha asubuhi yenye baridi hudanganya. Pingili zitolewe upande wa namba 12 na upande wa namba 6, hadi bizimu, yaani kifungio cha mkanda, ikae katikati chini ya mkono. Ikielemea upande mmoja, uso wa saa nao hupinduka. Kunja ngumi, kisha inua kiganja kuelekea nyuma: kitufe cha kurekebishia majira kisikuchome, na ncha ya kidole kidogo ipenye chini ya mkanda bila kulazimishwa. Kama bizimu ina marekebisho ya ndani, kama ile ya Rolex Submariner inayosogea kwa hatua za milimita 2, pima ikiwa katikati ya hatua zake, ili baadaye uweze kulegeza na kukaza vilevile.

Mwangalie fundi anapofanya kazi. Bisibisi isiyoenea vizuri kwenye mfereji wa skrubu huacha makovu yasiyofutika, na pini husukumwa kufuata mshale uliochorwa ndani ya pingili. Pingili zilizotolewa ni mali yako, zidai.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, mkanda wangu unabana kidogo. Je, utalegea nikiendelea kuuvaa?

Jibu: Hapana, ndugu. Chuma hakitanuki kama ngozi. Maungio yake hulegea yakilika, nalo ni jambo la miaka mingi. Rudi ukaongezewe pingili.

Swali: Nikitoa pingili moja unabana, nikiirudisha unacheza. Nifanyeje?

Jibu: Sogeza kwanza marekebisho ya bizimu. Kama hayapo, ulizia pingili nusu, ambazo baadhi ya kampuni hutengeneza kwa ajili ya hali hiyo hiyo.

Swali: Ninamnunulia mke wangu bila yeye kujua. Nipunguze mkanda kwa kukisia?

Jibu: Uache ulivyo, kisha mwende naye dukani akapimwe.